Vitabu vya picha: nani ashike kalamu?

Si ajabu siku hizi kumwona mzee barazani akimpokonya mjukuu wake kitabu cha katuni. Hukifunua kurasa mbili tatu, akaguna, kisha akakiweka kando huku akisema huo ni upuuzi wa watoto wasiotaka kusoma. Mjukuu hunyamaza kwa adabu. Babu akishaondoka, kitabu huokotwa tena.

Katika makala haya hatukukusudia kumhukumu babu wala mjukuu. Twataka kutazama jambo moja tu. Je, hadithi ya picha yaweza kubeba mzigo mzito wa mawazo, kama utenzi ulivyoubeba zamani? Na ikiwa yaweza, mbona sisi watu wa pwani tumekaa kando tukiwaachia wengine wachore, kisha tukalalamika wino ukishakauka?

SI MGENI KWETU

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba katuni si mgeni nchini. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miaka mingi, na ndani ya ujuha wake wengi walijiona wenyewe. Mwaka 1973 Terry Hirst na Hilary Ng'weno walianzisha gazeti la Joe, lililomtumia mtu wa kawaida wa mjini kusema mambo ambayo mkubwa asingependa kuambiwa waziwazi. Mwaka 1994 Hirst huyo huyo alichora kitabu juu ya mji wa Nairobi, kikatolewa na Mazingira Institute. Mambo ya ardhi, makazi na utawala wa mji, ambayo aghalabu hulala ndani ya ripoti zisizosomwa na mtu, yakapata sura na sauti.

Pwani nayo imo. Mwaka 1996 Sasa Sema ilitoa kitabu cha Abunuwasi kilichochorwa na Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam. Abunuwasi, nani asiyemjua? Asili yake ni Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid. Hadithi zake zilivuka bahari, zikashuka katika bandari zetu, na mshairi yule akageuka kuwa mjanja anayewashinda matajiri na kumtahayarisha sultani. Bibi zetu walipotusimulia hawakusema, "Leo nitawafundisha juu ya dhuluma." Walisema "Paukwa," tukaitikia "Pakawa," na dhuluma tukaijua kabla hatujalijua jina lake.

Basi Gado hakuleta kitu kipya. Alichukua kile kilichokuwa kikisemwa gizani kabla ya kulala, akakitia kwenye karatasi.

PICHA HUSEMAJE?

Wako wasemao kwamba picha hurahisisha mno, kwamba jambo zito likichorwa hupungua uzito. Tuchukue mfano kutoka Japani tuone kama ni kweli.

Keiji Nakazawa alikuwa mtoto wa miaka 6 bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Alifiwa na baba, dada na mdogo wake siku hiyo. Mwaka 1973 alianza kuchora hadithi ya mvulana aitwaye Gen, ambaye kwa hakika ni yeye mwenyewe. Mtu akisoma kwamba makumi ya maelfu walikufa kwa siku moja, hesabu hiyo hupita kichwani kama upepo. Lakini akimwona mvulana yule akijaribu kuinua mbao za nyumba iliyowaangukia jamaa zake, na moto unakaribia, mkono wake hauwi mwepesi kufunua ukurasa.

Wala Nakazawa hakumlaumu adui peke yake. Babake Gen ni mtu aliyeipinga vita, na kwa sababu hiyo majirani wakawaita watu wa nyumba ile wasaliti. Msomaji huona jinsi watu wema wanavyoweza kuvutwa na watawala wao hadi wakamtesa jirani. Wazo hilo si jepesi, na halikupungua uzito kwa kuchorwa. Ndiyo maana kitabu hicho kimezusha ubishi nchini mwake hata katika miaka ya karibuni. Mwaka 2023 wakuu wa elimu wa mji wa Hiroshima walikiondoa katika mafunzo ya amani ya shuleni, na watu wengi wakapinga. Kitabu cha upuuzi hakigombaniwi hivyo.

Siri ya kazi hii ni mbili. Ya kwanza ni kwamba katikati ya picha na picha pana uwazi mweupe, na uwazi huo hujazwa na msomaji mwenyewe. Mchoraji huonyesha mlango unafungwa, kisha huonyesha mama amekaa peke yake. Yaliyopita hapo kati huyatia msomaji. Ya pili ni kwamba uso na maneno vyaweza kupingana. Sisi tulioleewa kujibu "sijambo" hata tukiwa taabani twalijua hili vizuri. Mdomo wasema "alhamdulillahi, twashukuru," na macho yasema jingine. Mwandishi huhitaji mistari mingi kulieleza hilo. Mchoraji huhitaji kisanduku kimoja.

MAWE YA BAGHDAD

Lakini picha yaweza kuleta mushkili, nasi Waislamu twajua. Neno katuni likitajwa, wengi hukumbuka Septemba 2005, gazeti moja la Denmark lilipochapisha michoro 12 iliyomvunjia heshima Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Jeraha hilo halijasahauliwa. Hata hivyo, si kila mchoro ni tusi, na wapo Waislamu waliojaribu kuitumia njia hiyo hiyo kwa wema.

Maarufu kati yao ni Naif Al-Mutawa wa Kuwait, msomi wa elimu ya nafsi. Mwaka 2006 alianza kutoa vitabu viitwavyo The 99. Kisa chake huanzia Baghdad mwaka 1258, Wamongoli walipouvunja mji na vitabu vikatupwa mtoni Tigris. Katika hadithi yake, elimu ya vitabu vile iliokolewa ndani ya mawe 99, na mawe hayo yakatawanyika duniani. Kila kijana anayelipata jiwe hupata sifa moja iliyo na mfano katika Asmaul Husna: mmoja nguvu, mwingine nuru, mwingine upendo. Hakuna aliye na zote. Ni lazima washirikiane, nao wametoka nchi mbalimbali.

Twakiri kwamba wazo ni zuri. Mtoto hufundishwa kwamba elimu ndiyo hazina ya umma, na kwamba kheri haikupewa kabila moja. Lakini ubishi ulizuka. Mwaka 2014 maulamaa wa Saudia, wakiongozwa na Mufti Mkuu wa wakati huo, Sheikh Abdulaziz Al al-Sheikh, walitoa fatwa ya kuvikataza. Hoja yao ilikuwa kwamba sifa za Mola hazifai kuvikwa viumbe. Al-Mutawa naye alijitetea kwamba ukarimu na huruma ni tabia ambazo mja hutakiwa awe nazo kwa kadiri yake, na kwamba hakuna kati ya mashujaa wake aliyepewa jina kamili la Mwenyezi Mungu. Vitabu vyenyewe vilikuwa vimekwisha kusimama mwaka 2013.

Tusikimbilie kusema nani alikosea. Al-Mutawa hakuwapuuza maulamaa kabisa, kwani bodi ya sharia ya benki moja ya Kiislamu iliyotia fedha zake ilikuwa imeridhia. Lakini ridhaa ya benki si ridhaa ya msikiti wala ya baraza. Isitoshe, alitumia waandishi na wachoraji waliozoea kuwachora mashujaa wa Kimarekani, wenye misuli na nguo za kubana. Akawatwika hao mzigo wa majina matukufu, na mabega yakalemewa.

Mwaka huo huo wa 2014 kampuni ya Marvel ilianza kutoa kitabu cha Kamala Khan, binti wa Kiislamu wa Jersey City mwenye asili ya Pakistan. Mwandishi wake, G. Willow Wilson, ni Mmarekani aliyesilimu. Kamala hakubeba jina tukufu lolote. Ni msichana anayebishana na wazazi wake, anayewapenda, na anayetafuta namna ya kuwa yeye mwenyewe katika nchi ya watu wengine. Akapendwa na wasiokuwa Waislamu pia. Funzo ni kwamba hadithi ikianza na mtu, wazo humfuata. Ikianza na wazo, mtu huwa kama mti wa kutundikia nguo.

HUKUMU YA PICHA

Kuna atakayeuliza: na picha yenyewe je, ni halali? Swali hilo ni la wenye elimu, nasi hatuvai kilemba kisichokuwa chetu. Twataja tu yaliyo mashuhuri. Hadithi sahihi zinawaonya vikali wenye kuchora sura. Hadithi nyingine zataja wanasesere aliochezea Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake. Na Ibn Abbas alimshauri mchoraji mmoja kwamba kama hana budi kuchora, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Maulamaa wametofautiana katika kuyaoanisha hayo. Na katika historia, huko huko Baghdad, mwaka 1237, Yahya al-Wasiti alivipamba visa vya al-Hariri kwa picha za watu sokoni, safarini na msikitini.

Seremala wetu wa Lamu alichagua njia ya Ibn Abbas. Milango yake ina maua na maandishi, haina sura ya mtu. Wala hakuna asemaye kwamba mlango ule haukusema kitu.

LUGHA NA MWENYE LUGHA

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2010 kulizuka nchini kitabu cha picha kiitwacho Shujaaz, kilichogawiwa bure pamoja na gazeti na katika vibanda vya M-Pesa. Mhusika wake mkuu ni Boyie, kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, naye kwa siri huendesha kituo cha redio. Kilizungumza juu ya uchaguzi, kilimo, fedha na mapenzi. Hata mbinu ya kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwanyakue ilielezwa humo. Mwaka 2012 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Twawapongeza. Lakini lugha yake ilikuwa Sheng, lugha ya vijana wa Nairobi. Kijana wa Kibokoni au wa Langoni alikisoma akacheka, ila mji uliochorwa haukuwa mji wake, na nyumba haikuwa na baraza. Hatulaumu, kila mtu huchora alipokaa. Lakini sisi tulikaa wapi?

Tunayo mambo mazito yanayongoja mchoraji. Tuchukue ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya hati za ardhi ya pwani, ikawataka wenye madai wayapeleke mbele ya afisa. Wengi, hasa ndugu zetu Wamijikenda, hawakupeleka, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wajukuu wao wakaitwa maskwota palepale walipozaliwa. Mambo haya yameandikwa katika ripoti nene. Je, ni vijana wangapi wanayafahamu?

Sasa fikiria picha nne. Ya kwanza, mzee apanda mnazi. Ya pili, afisa yuko mezani na daftari lake, mwaka 1908, na mzee hayupo. Ya tatu, mjukuu chini ya mnazi ule ule ameshika barua ya kumtaka ahame. Ya nne, mnazi peke yake. Mtoto wa darasa la nne ataelewa, na mwanasheria hatapata la kusahihisha.

Kisha kuna unga unaowamaliza vijana wetu. Hotuba zimetolewa hadi sauti zimekauka. Kijana aliyezama hasikii hotuba, na mama yake huona haya kusema. Pengine mdomo usemao "sijambo" na macho yaliayo, katika kisanduku kimoja, vitafungua mlango ambao hotuba haikuweza kuufungua.

KALAMU NA BARAZA

Yafaa basi tufanye nini? Rai yetu ni kwamba mchoraji, mshairi, mwalimu wa chuo na mama mtu mzima wakae pamoja kabla ya wino kumwagika, si baada yake. Wakikaa kabla, huitwa shauri. Wakikaa baada, huwa kesi.

Na kama kuna waogopao sura za watu, wasidhani mlango umefungwa. Kiasi cha miaka 200 iliyopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga al-Inkishafi. Alipotaka kuionya nafsi yake juu ya ulimwengu unaopita, hakutoa hotuba. Aliichukua nafsi kwa mkono, akaionyesha majumba ya Pate: taa zilizozimika, kumbi tupu, zidaka zisizo na vyombo. Hicho ni kitabu cha picha kilichokosa karatasi tu. Chaweza kuchorwa leo, ukuta kwa ukuta, bila sura hata moja yenye roho, na mtoto akakifunga akiwa amenyamaza.

Babu, basi, usikitupe kitabu. Mwite mjukuu akusomee. Kama humo hamna lenu, mwambie achukue kalamu, nawe ukae karibu umsimulie.