Tusimfiche Willy Gamba nyuma ya neno "burudani"



Penye wasomaji watatu wa makamo, ukilitaja jina la Willy Gamba utapata rai nne. Yuko atakayesema kwamba hajatokea shujaa mfano wake katika riwaya ya Kiswahili. Yuko atakayesema kwamba huyo ni James Bond aliyevishwa uraia wa Tanzania. Wa tatu atakiri kuwa alivisoma vyote akiwa kijana, ila kile cha kwanza kingetosha. Kisha mmoja wao, akitaka kumaliza ubishi, atatoa rai ya nne: "Mnagombania nini? Hivi ni vitabu vya kupitisha wakati tu."

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari, kisha katika chuo cha ualimu, hadi nilipostaafu. Rai tatu za mwanzo naziheshimu hata pale nisipokubaliana nazo, kwa kuwa kila moja imezaliwa na kusoma. Rai ya nne ndiyo ninayoipinga leo. Hutumiwa na mtetezi na mbezaji kwa pamoja. Mtetezi huitumia ili asiulizwe swali, na mbezaji huitumia ili asisome. Kitabu kikishaitwa cha kupitisha wakati, hakuna tena anayekidai chochote, wala anayekilipa haki yake.

Tuanze na haki yake. Aristablus Elvis Musiba alimtoa Gamba hadharani mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, na baadaye wasomaji wakapata Kikosi cha Kisasi, Njama, Kikomo, Hofu na Uchu. Mhusika mkuu ni mpelelezi wa Tanzania anayetumwa na mkuu wake, Chifu, kwenda kupambana na maadui wa Afrika. Kitabu cha kwanza kilimpeleka Nairobi. Kikosi cha Kisasi kikamfikisha Kinshasa. Mwezi Novemba mwaka huo huo wa 1974, Azimio la Musoma liliamua kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote. Kwa upande wa watu wazima, kampeni za kisomo zilikuwa zimepamba moto. Nchi nzima ilikuwa ikijifunza kusoma. Ajifunzaye kusoma anahitaji kitu cha kusoma, la sivyo herufi humtoka kama maji kwenye pakacha. Vitabu vya kilimo bora vilikuwapo, na hotuba zilikuwapo. Lakini kitabu cha kumfanya kijana akope taa ya jirani ili amalize sura moja zaidi, hicho alikiandika Musiba, pamoja na wenzake wa kundi hilo ambao wahakiki wamewapachika jina la waandishi wa fasihi pendwa.

Katika shule moja niliyofundisha, mwalimu mwenzetu alikuwa na kabati la vitabu alivyowanyang'anya wanafunzi. Vingi vilikuwa vya upelelezi. Nilichokiona ni kwamba vilikuwa vimechakaa kuliko vitabu vyote vya maktaba ya shule: vimeshonwa kwa uzi, vimevishwa majalada ya magazeti, kurasa zimelainika kama kitambaa. Mwenzangu aliona humo ushahidi wa utovu wa nidhamu. Mimi niliona ushahidi wa usomaji.

Sasa wanaosema Gamba ni Bond wa kuigiza. Kwamba umbo limeazimwa, sibishi. Ian Fleming, aliyepata kutumika katika idara ya upelelezi ya jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita vya Pili, alichapisha Casino Royale mwaka 1953. Jasusi mtanashati, mwenye silaha, kinywaji na mwanamke ubavuni, alikuwa anajulikana dunia nzima kabla ya Gamba. Lakini tangu lini kuazima umbo kukawa wizi katika fasihi yetu? Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ulichukua kisa cha vita vya Mtume na Warumi kutoka katika masimulizi ya Waarabu, na hakuna malenga mwenye akili timamu anayeuita nakala. Tunauliza umbo lililoazimwa limefanya kazi gani.

Kazi ya Bond ilikuwa kuwaliwaza watu wa dola iliyokuwa ikipoteza makoloni. Kazi ya Gamba ilikuwa kinyume chake. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliundwa mwaka 1963 na makao yake yakawa Dar es Salaam. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane wa FRELIMO aliuawa katika jiji hilo hilo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Herbert Chitepo wa ZANU aliuawa kwa bomu Lusaka mwezi Machi 1975. Ruth First aliuawa kwa bomu la barua Maputo mwezi Agosti 1982. Kwa msomaji wa Uingereza, mtu kulipuliwa kwa kifurushi ni kionjo cha riwaya. Kwa msomaji wa Dar es Salaam ilikuwa habari ya redioni. Anayesema Musiba alinakili tu hajaangalia alikuwa anaandikia watu gani, wala katika mwaka gani.

Nimekwisha kumtetea. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki amepewa. Sasa tumhoji, maana anayestahili kusomwa anastahili kuhojiwa pia.

Swali la kwanza ni la wanawake. Walimu wa maadili hulalamikia vitanda na chupa za pombe. Mimi nalalamikia jambo zito zaidi. Mara nyingi mno, mwanamke katika visa hivi ni chambo au ni tuzo: ama ametumwa kumnasa shujaa, ama amewekwa pale shujaa ajipumzishe. Hivyo sivyo vita vya ukombozi vilivyokuwa. FRELIMO iliunda kikosi cha wanawake mwaka 1967, na wanawake hao walipata mafunzo ya kijeshi Nachingwea, ndani ya ardhi yetu. Josina Machel, mmoja wa viongozi wao, alifariki Dar es Salaam mwaka 1971. Mwandishi aliyekaa jirani na wanawake waliobeba bunduki akawaandika wengi wao wakibeba manukato. Hilo ni pengo katika kazi, na neno "burudani" halilizibi.

Swali la pili ni la sheria. Gamba huua. Huua upesi, na msomaji hufurahi, kwa kuwa mwandishi ametuhakikishia kwamba aliyeuawa ni mbaya. Nani amethibitisha? Chifu amesema. Nani anamchunguza Chifu? Hakuna. Tusisahau kwamba vitabu hivi vilisomwa katika nchi ambayo sheria yake ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Sisemi Musiba aliandika ili kuipamba sheria hiyo. Nasema kwamba msomaji aliyezoea kumshangilia mtu wa dola asiyeulizwa, kitabu baada ya kitabu, hujifunza kutouliza. Hata lugha yetu inatusaliti hapa: aliye upande wetu tunamwita mpelelezi, aliye upande wa pili tunamwita jasusi, ilhali wote wawili wanafungua barua za watu. Darasa linaloweza kuliona hilo limejifunza jambo kubwa kuhusu lugha, na kitabu cha kulifundishia kipo.

Swali la tatu ni la utamu unaopungua. Wanaosema kile cha kwanza kingetosha wana hoja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika mfululizo mrefu, msomaji hujua tangu ukurasa wa kwanza kwamba shujaa hatakufa. Kwa hiyo hofu yote lazima itoke kwingine, na isipotoka, mwandishi huongeza risasi. Hoteli hufuata hoteli, gari hufuata gari, suti hufuata suti. Nakumbuka tulivyosoma mambo hayo mwanzoni mwa miaka ya themanini, tukiwa tumetoka kwenye foleni ya sukari na sabuni. Watetezi husema Gamba alitupa ndoto. Labda. Lakini kumpa mwenye njaa orodha ya vyakula mara sita si ukarimu.

Hata hivyo nawaomba wenye rai hii wasiishie kwenye uchovu wa mwandishi. Riwaya ya kijasusi huishi kwa adui wake. Nguvu ya Gamba ilitokana na Makaburu na mamluki wao. Mandela alitoka gerezani mwaka 1990. Mwaka 1994 Afrika Kusini ilipiga kura na Kamati ya Ukombozi ikafungwa, kazi yake imekwisha. Shujaa aliyeumbwa kwa ajili ya vita hivyo angeenda wapi? Swali hilo limewasumbua waandishi wa kijasusi wa Ulaya pia, pale ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989. Kwa hiyo anayesema mfululizo ulichoka na aeleze kilichochoka: kalamu, umbo, au historia yenyewe. Hizo ni hukumu tatu tofauti.

Na Kiswahili chake? Wataalamu wa mtindo husema ni chepesi mno, hakina tamathali za kutosha. Nawajibu kwamba sentensi fupi inayokwenda mbio si sentensi maskini. Mtu anayekimbizwa hasimami kutunga istiara. Anayetaka Kiswahili cha kutafakari ana Kezilahabi. Anayetaka cha kucheka na kuwaza kwa pamoja ana Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa wake. Lakini msomaji mgeni wa maandishi alihitaji lango, na lango halijengwi juu kama mnara. Kosa ni letu walimu tunaposimama langoni na kumcheka anayeingia, badala ya kumwonyesha vyumba vya ndani.

Ndiyo maana nasema neno "burudani" lina madhara. Limewafanya wahakiki wawe na nadharia ya fasihi pendwa bila kuvisoma vitabu vyenyewe hadi mwisho. Limewafanya mashabiki waogope ukosoaji kana kwamba ni tusi la ukoo. Na limewaacha vijana wasijue kwamba jiji lao lilipata kuwa makao ya ukombozi wa nusu ya bara, jambo ambalo Musiba aliliandika kwa namna iliyosomeka.

Ninachodai ni kidogo. Chuo cha ualimu kimoja kiweke Kufa na Kupona mezani pamoja na riwaya dhati, na walimu wanafunzi watakiwe kuandika kwa nini wanakipenda au hawakipendi, wakitaja kurasa. Anayesifu athibitishe. Anayebeza athibitishe. Na yule wa rai ya nne aulizwe swali moja tu: wakati aliopitisha na Gamba, usiku kucha, kitabu baada ya kitabu, ulimwachia nini kichwani? Kama anaweza kujibu, basi haukuwa wa kupita tu. Kama hawezi, bado hajasoma.