Wanasoka wa shule wapimwe kwa mizani, si kwa makofi

Muhula wa pili unapowadia kila mwaka, viwanja vya shule za upili katika Trans Nzoia na Bungoma hugeuka kuwa soko. Timu za Endebess huteremka kutoka miguuni pa Mlima Elgon kwenda kushindania ubingwa wa kaunti. Washindi hupanda hadi ngazi ya Bonde la Ufa, kisha ya taifa, na wachache hufika katika michezo ya shule za Afrika Mashariki. Kando ya mstari wa uwanja husimama watu wenye kofia na simu mbilimbili, wanaoitwa wasaka vipaji. Baadhi yao wametumwa na klabu za ligi. Wengine wamejituma wenyewe. Kabla ya juma kwisha, mvulana mmoja atakuwa amenong'onezewa kwamba atakula mkate wake kwa kandanda, na mwenzake atakuwa amejua, kwa kutosemeshwa na mtu yeyote, kwamba hana lolote.

Hizo ni hukumu mbili nzito katika maisha ya watoto wawili. Hutolewa bila maandishi, bila vigezo vinavyojulikana, na bila mtu wa kuulizwa zinapogeuka kuwa uongo. Aliyesifiwa aghalabu huanza kukosa madarasa. Mzazi wake huuza ndama ili apate nauli ya kwenda Nairobi kujaribiwa na klabu. Miaka miwili baadaye kijana yuko nyumbani, hana klabu wala cheti, na yule bwana wa simu mbili hapatikani.

Sisi ambao riziki yetu ni kuchunguza lugha hatuna budi kuyatazama maneno yanayotumiwa katika soko hili. Anayekuja kutazama huitwa msaka vipaji. Kusaka ni kazi ya mwindaji, na mwindaji haulizwi mnyama alilelewaje wala ataishije baada ya kunaswa. Anayetazamwa huitwa chipukizi, neno litokanalo na kuchipuka, na kila mkulima wa huku ajua kwamba kuchipuka si kuzaa. Nalo neno kipaji lina shina moja na mpaji, na sote twajua kwamba mpaji ni Mungu. Ndiposa mtu akishatamka kwamba kijana fulani ana kipaji, mjadala hufungwa papo hapo, kwani nani atakihoji alichokitoa Mungu? Neno limemtaja aliyetoa, likanyamaza kuhusu aliyepewa: hufanya mazoezi kiasi gani, goti lake lina hali gani, na akipokonywa mpira hufanya nini. Hata methali yetu isemayo kwamba nyota njema huonekana asubuhi imegeuzwa kisingizio cha kutosubiri adhuhuri.

Tuitazame hesabu kidogo, maana hesabu haina ushabiki. Ligi Kuu ya Kenya huwa na timu 18. Tuseme kila moja husajili wachezaji 30. Nafasi zote nchini zitakuwa 540, na nyingi tayari zina wenyewe. Tuseme tena kwamba kila klabu huchukua vijana 5 wapya kutoka shuleni kila mwaka, ambao ni ukarimu mkubwa. Hao ni 90. Kwa upande wa pili, nchi ina maelfu ya shule za upili, lakini tuhesabu 1,000 tu, kila moja ikiwa na kikosi cha wachezaji 18. Hao ni 18,000. Tukiwaondoa walio madarasa ya chini, tukabaki na robo yao wanaomaliza shule mwaka huo, watakuwa 4,500. Kwa makadirio haya ya huruma, kila nafasi moja hugombewa na vijana 50. Hilo ni darasa zima, tena lililojaa, na atakayepata ni mmoja. Je, ni haki kuwaambia watano katika darasa hilo kwamba nafasi ni yao?

Pengine msomaji atasema kwamba jicho la mjuzi halikosei. Na tuwatazame Wamarekani, ambao wameifanya kazi hii kuwa taaluma kamili. Katika mpira wao wa mikono na kofia ngumu, klabu za kulipwa hukutana kila mwaka kuwateua wachezaji kutoka vyuo vikuu, kwa zamu, klabu moja baada ya nyingine. Kabla ya siku hiyo vijana hupimwa kimo, uzito, mbio na wepesi wa kuruka. Madaktari huwakagua viungo. Mechi zao za miaka kadhaa hutazamwa upya katika filamu. Uteuzi huo ulianza mwaka 1936, na kijana wa kwanza kabisa kuteuliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Mwaka 2000 klabu ziliwaita vijana 198 kabla ya kumkumbuka Tom Brady, ambaye baadaye alitwaa ubingwa mara 7. Ikiwa wenye mizani, madaktari na filamu hukosea kiasi hicho, itakuwaje kwa aliyesimama kando ya uwanja wenye tope Kitale akatazama dakika arubaini?

Yako mambo mawili katika utaratibu wao yanayostahili kuigwa. Kwanza, ligi yao haimruhusu kijana kuteuliwa kabla ya kupita miaka mitatu tangu amalize shule ya upili. Pili, njia ya kwenda uwanjani hupitia chuoni. Hata katika soka hii yetu ya miguu, Mkenya Philip Mayaka aliteuliwa wa tatu katika uteuzi wa ligi ya Marekani mwezi wa Januari 2021, akachukuliwa na klabu ya Colorado Rapids, naye alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Clemson.

Hapa nyumbani tunao mfano ulio karibu zaidi. Wasaka vipaji hupenda kumtaja Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2013. Ni nadra wakumbushe kwamba kaka yake, McDonald Mariga, alikuwa amemtangulia Ulaya. Wanapomtaja Michael Olunga, husahau kwamba alisoma Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya, akijifunza uhandisi wa upimaji na ramani za ardhi, huku akifunga mabao ya Gor Mahia. Miaka michache baadaye, mwaka 2020, alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani na kutangazwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Kitabu hakikumpunguzia mbio.

Watu wa Trans Nzoia wasingepaswa kufundishwa subira na mtu yeyote. Utafiti wa mahindi ulianza Kitale mwaka 1955, na mbegu chotara ya kwanza iliyotokana nao, ile 611, ilitolewa mwaka 1964. Miaka tisa! Hadi leo mbegu mpya haifiki dukani mpaka ijaribiwe msimu baada ya msimu, katika udongo na miinuko mbalimbali, na matokeo yake yaandikwe. Mkulima wa Endebess hakubali kuuziwa mbegu kwa sababu tu mhindi mmoja ulipendeza shambani mwa jirani. Mtu huyohuyo humkabidhi mwanawe kwa mgeni aliyemwona akifunga mabao mawili Jumanne.

Basi kumpima kijana ni kutazama nini? Kwanza ni umri, tena umri wa kweli. Watafiti wa Canada walionyesha mwaka 1985, katika mchezo wa magongo ya barafuni, kwamba vijana waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka huteuliwa zaidi kuliko wenzao wa miezi ya mwisho, kwa kuwa tu wamewapita kidogo kwa kukua. Sembuse kwetu, ambako cheti cha kuzaliwa mara nyingine huzaliwa baada ya mashindano kutangazwa? Shirikisho la soka duniani, FIFA, lililazimika kuanza kupiga picha mifupa ya mkono katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 mwaka 2009. Mwanamume wa miaka 20 akiwakimbia watoto wa miaka 16 hajaonyesha kipaji; ameonyesha miaka.

Pili ni mahali na mpinzani. Uwanja wa huku una tope la mvua ndefu, na hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Anayeng'ara hapa atazamwe pia kwenye nyasi sawa na dhidi ya timu inayomzidi. Tatu ni nafasi anayocheza. Mfungaji huonwa na kila mtu. Beki anayesimama mahali panapofaa, hata asihitaji kuteleza, haonwi na yeyote asiyejua mchezo. Nne ni kasi ya kujifunza: kosa alilolifanya Aprili, bado alifanya Julai? Swali hilo hawezi kulijibu mgeni wa wiki moja. Aweza kulijibu mwalimu wa michezo aliyekaa naye miaka mitatu, na ajabu ni kwamba huyo ndiye asiyeulizwa.

Najua litakalosemwa: njaa haina subira. Ziko nyumba ambako kandanda ndiyo ngazi pekee inayoonekana, na ziko shule zinazomlipia kijana karo kwa sababu ya miguu yake. Ni kweli, na hatuna haki ya kuwabeza wanaoishika ngazi hiyo. Lakini kadiri mtu alivyo maskini ndivyo hukumu ya uongo inavyomgharimu zaidi. Mwana wa tajiri akidanganywa atarudi shuleni. Mwana wa maskini hana pa kurudi.

Mzazi na azijue basi kanuni mbili tatu. Tangu mwaka 2001 FIFA hairuhusu, isipokuwa kwa hali chache maalumu, mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Anayemwahidi mtoto wa miaka 16 mkataba wa Ulaya mwezi ujao aulizwe anatumia hali gani kati ya hizo. Moja yazo yatuhusu sisi wa mpakani: kijana anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani aweza kuchezea klabu ya nchi jirani iliyo karibu vivyo hivyo, mradi aendelee kulala kwao. Uganda, kupitia Suam, ni karibu kuliko Ulaya. Kisha kuna fedha za malezi. Mchezaji anapouzwa kimataifa, asilimia 5 ya malipo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kijana asiyekuwa na kumbukumbu za usajili hunenepesha wengine, na kijiji kilichomlea hakipati hata mpira mmoja.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yasiyohitaji bajeti ya serikali. Kila mwalimu wa michezo aweke daftari la kila mchezaji: tarehe ya kuzaliwa, dakika alizocheza, nafasi, majeraha, na alama za darasani. Kila msaka vipaji anayemtaka mwanafunzi aandike maoni yake na kuyatia sahihi mbele ya mzazi na mwalimu mkuu: anaona nini, anakosa nini, anampeleka wapi, na asipofaulu nani atamrudisha. Na pasiwe na kijana wa kuondolewa shuleni kabla ya mtihani wake wa mwisho. Mtaala wa umilisi sasa una mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Hatuwezi tena kudai kwamba mpira na kitabu havikai pamoja.

Wasichana wasisahauliwe. Wiyeta ya Trans Nzoia imewahi kuwa bingwa wa taifa, lakini wasaka vipaji wanaoziendea mechi za wasichana ni wachache mno. Hao huhukumiwa kwa kutotazamwa kabisa, nayo ni hukumu.

Atakayekataa kuandika maoni yake aondoke uwanjani na simu zake mbili. Atakayekubali tumpe kiti na kivuli, kwa sababu kazi yake ikifanywa kwa uaminifu ni kazi ya heshima. Vijana nao tuwaambie ukweli mapema, ungali unawafaa: makofi ya Kitale ni ya mwendo wa asubuhi tu, na kutangulia si kufika.