Tuiachie Mito Majani Yake

Hapa Mlangali twajua kulima, lakini kando ya mto twakosea. Nami simo nje ya kosa hilo. Mwaka juzi nilifyeka matete yote ya kijitoni, nikapanda kabichi mpaka ukingoni, nikatia mbolea ya chumvichumvi. Usiku mvua ya kwanza ikanyesha kwa nguvu. Asubuhi mama mmoja wa bondeni akanionyesha ndoo yake: maji mekundu kama udongo wa shambani kwangu. "Karani, ndiyo tunywe haya?" Sikuwa na jibu.

Basi sikilizeni. Mbolea ni chakula cha mimea. Mvua ikikokota udongo, fosforasi husafiri imeshikamana nao. Naitrojeni huyeyuka, ikazama ardhini na kufuata maji mpaka mtoni. Huko hulisha magugu na utando wa kijani. Navyo vikioza humaliza hewa iliyomo majini, samaki wakafa. Ziwa Victoria limeonja taabu hiyo: magugumaji yaliyoenea tangu mwisho wa miaka ya 1980 yalinenepa kwa mbolea na taka za nchi kavu, yakaziba njia za mitumbwi. Nayo mito yetu ya Ludewa yaenda Ziwa Nyasa.

Dawa yake ni ukanda wa majani. Matete hupunguza mbio za maji, udongo ukatuama. Mizizi hunywa naitrojeni, na vijidudu vya udongo wenye maji huigeuza kuwa hewa. Kateni majani kwa zamu, mkalishe ng'ombe zizini. Yakioza pale pale, mbolea hurudi mtoni. Wala msipande mikaratusi chemchemini, maana hunywa maji mno.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza, ndani ya mita 60 za ukingo, shughuli za kudumu au za kuudhuru. Najua mwenye kinyungu atasema, "Mita 60 ndizo shamba langu zima!" Kilio chake ni cha kweli. Basi mzigo usiwe wake peke yake. Sisi wa mashamba ya juu tuweke mistari ya majani mteremkoni, tufukie mbolea, tusiitie mvua kubwa ikikaribia. Naye tumgawie kipande cha kulima huku juu.

Mimi nimekwisha kurudisha matete yangu. Wewe je, nani anateka maji chini ya shamba lako?