Papai Bichi na Shahada ya Uzamivu

Mpishi wa pwani, awe Bagamoyo mjini au Miono, hahitaji kufundishwa namna ya kulainisha nyama ngumu. Huisugua kwa papai bichi, akaiacha kwa muda, kisha akaitunga kwenye vijiti vya mishikaki. Kinachofanya kazi hapo ni papaini, kimeng'enya kilichomo katika utomvu wa papai, ambacho hukatakata protini za nyama. Nanasi nalo, zao lililoipatia Kiwangwa sifa, lina kimeng'enya cha jamii hiyohiyo kiitwacho bromelaini. Kwa hiyo elimu ya vimeng'enya si ngeni katika ukanda huu, ingawa jina lake ni geni.

Hata hivyo, kukitumia kitu si sawa na kukimiliki. Katikati ya karne ya 20, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza ng'ambo utomvu wa papai uliokaushwa. Huko ulisafishwa, ukatumika kulainishia nyama na kuondolea bia ukungu. Umbo la papaini lilibainishwa mwaka 1968 na Jan Drenth na wenzake huko Groningen, Uholanzi. Mkulima alibaki na papai lililochanjwa.

Siku hizi hutangazwa nafasi za uzamivu zenye ufadhili katika bioteknolojia ya vimeng'enya na bioinfomatiki. Ada hulipwa na posho hutolewa. Hapana shaka kijana wa Miono anastahili kuziomba. Lakini mwenye kulipa ndiye aghalabu mwenye kuchagua swali, na mwanafunzi asiye na swali lake atautumia ujana wake kulijibu la mwenzake. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Katika utafiti, mwenda bure huokota alichowekewa na mwenye njia.

Njia nyingine ipo, nayo imekwisha kupitiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walichunguza namna viumbe vidogo vinavyogeuza masazo ya mkonge kuwa gesi ya kupikia na kuzalishia umeme. Fedha nyingi zilitoka Sweden, lakini taka zilikuwa za Tanzania na swali pia lilikuwa la Tanzania.

Bioinfomatiki yenyewe ni elimu ya kusoma habari za viumbe kwa msaada wa kompyuta. Papaini ni mnyororo wa asidi amino 212. Ukiupanga mnyororo huo sambamba na wa kimeng'enya kingine, utaona mahali ambapo mpangilio haukubadilika. Aghalabu hapo ndipo kazi inapofanyika. Kwa ulinganishi wa namna hiyo imedhihirika kwamba falsipaini, vimeng'enya ambavyo kimelea cha malaria huvitumia kumeng'enyea hemoglobini ya damu, ni vya ukoo wa papaini. Mtafuta dawa anaweza basi kuanzia kwenye papai. Hilo si jambo dogo kwa wilaya ya Bagamoyo, ambako Taasisi ya Afya Ifakara ilishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009.

Habari za maumbo ya protini huhifadhiwa katika hazina ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1971, nayo husomwa bila malipo. Mtu wa Miono mwenye kompyuta na intaneti husoma kilekile kinachosomwa Groningen. Kinachomzuia zaidi ni hisabati. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha tano aliyechagua Fizikia, Kemia na Bayolojia ameridhika na hisabati ya msingi tu, ilhali bioinfomatiki imesimama juu ya takwimu na uwezekano. Wapenda viumbe wameachwa waikimbie hesabu, nayo nchi hulipa gharama miaka kumi baadaye, nafasi ya uzamivu inapotangazwa na waombaji wasitoshe.

Mwalimu atauliza: shule isiyo na kompyuta itafanya nini? Minyororo miwili ya herufi yaweza kulinganishwa kwa karatasi na kalamu. Aidha, vipande viwili vya nyama vyaweza kutiwa, kimoja katika maji ya nanasi bichi, kingine katika maji ya nanasi yaliyochemshwa yakapoa. Kile cha kwanza hulainika. Cha pili hakilainishwi vivyo hivyo, kwa kuwa moto umevunja umbo la kimeng'enya. Wanafunzi wapime muda, wahesabu, wachore grafu, kisha waulize kwa nini.

Atakayeuliza hivyo akiwa kidato cha pili huenda, atakapofika mbele ya mfadhili, akawa na swali la kutetea.