Nafasi ni Deni la Aliye Nyuma

Katika hukumu ya tarehe 29 Julai 2025, Mahakama ya Juu ya India ilimbebesha dereva aliyegongwa kwa nyuma nusu ya lawama ya ajali. Nimeirudia mara kadhaa nikitafuta pa kukubaliana nayo, nami naona imepinda, na ubaya wake ni kwamba imepinda kwa namna itakayowapendeza madereva wetu.

Ajali yenyewe ilitokea Januari 2017 huko Coimbatore, kusini mwa India. Mwanafunzi wa uhandisi mwenye umri wa miaka 20 alikuwa akiendesha pikipiki nyuma ya gari dogo. Gari likafunga breki ghafla kwenye barabara kuu. Dereva alieleza kwamba mkewe mjamzito alijisikia kutapika. Pikipiki ikaligonga, kijana akaanguka, na basi lililokuwa likija nyuma likampitia. Alikatwa mguu wa kushoto. Baraza lililosikiliza shauri kwanza lilimwondolea lawama dereva wa gari. Mahakama Kuu ya Madras ikampa asilimia 40. Hatimaye majaji Sudhanshu Dhulia na Aravind Kumar wakagawa hivi: gari asilimia 50, basi 30, kijana mwenyewe 20.

Fidia, iliyozidi rupia milioni 9.1, simwonei kijana choyo. Aliyepoteza mguu kabla hajamaliza masomo astahili kulipwa. Ninachokikataa ni mahakama kusema kwamba kiini cha ajali ni ile breki ya ghafla, huku ikikiri papo hapo kwamba kijana hakuacha nafasi ya kutosha na tena hakuwa na leseni halali.

Msomaji wa Dodoma au Eldoret anaweza kuuliza yatuhusu nini. Yanatuhusu. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872 ndiyo iliyotumika Tanganyika hadi tulipotunga ya kwetu mwaka 1967, na hadi leo mawakili wa Dar es Salaam na Nairobi hunukuu maamuzi ya Delhi. Mahakama zetu hazifungwi nayo, ila huyasikiliza. Nazo pia hugawa lawama kwa asilimia. Hukumu hii itatua mezani kwa hakimu wetu siku yoyote, imebebwa na wakili wa kampuni ya bima.

Wanaoitetea wana hoja, tuwape haki yao. Kanuni za barabara za India za wakati ule zilikataza kufunga breki ghafla pasipo sababu ya usalama. Barabara kuu watu wanakimbia, na anayetaka kusimama awape wenzake ishara, asogee pembeni. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba wapo walio mbele wenye makosa yasiyo na mjadala: anayekuchomekea kisha akafunga breki puani pako, anayerudi nyuma, mwenye lori bovu anayeliacha usiku bila taa na kutandaza matawi ya miti akidhani amemaliza wajibu. Hao siwatetei.

Lakini kanuni zilezile za mwaka 1989, zilizokuwa na nguvu siku ya ajali ile, zilimwamuru aliye nyuma aache nafasi itakayomwezesha kuepuka mgongano endapo aliye mbele atapunguza mwendo au kusimama ghafla. Hazikuweka sharti kwamba awe na sababu nzuri ya kusimama. Ule ughafla umekwisha kuhesabiwa ndani ya wajibu wa aliye nyuma. Ndiyo kazi pekee ya ile nafasi. Kama kila gari lingesimama taratibu na kwa taarifa, tusingehitaji mita hata moja ya ziada.

Hapa pataka hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Hata dereva akikanyaga breki kwa nguvu zake zote kwenye lami kavu, gari halisimami kama lililogonga ukuta: huchukua kama sekunde tatu na mita 35 hivi. Anayelifuata kwa mwendo huohuo, akiwa na breki zinazofanana, hahitaji kuwa na mita zote 35 mbele yake, maana naye atazitumia zilezile akisimama. Anachohitaji ni muda wa kuona na kuhamisha mguu. Hiyo ni sekunde moja, moja na nusu kwa aliyechoka. Aliyeacha sekunde mbili, yaani mita 44, anaona taa nyekundu, anakanyaga, anasimama, analaani kimoyomoyo, safari inaendelea. Mwenye lori lililosheheni aongeze. Mvua ikinyesha aongeze tena. Maana yake ni kwamba breki ileile ni tukio la kuudhi kwa aliyeacha nafasi, na ni ajali kwa aliyebana. Aliye mbele hakubadilika. Kilichobadilika ni mita, na mita hizo ziko mikononi mwa mtu mmoja tu, aliye nyuma. Aliye mbele hana namna ya kuziongeza. Ukimpa asilimia 50 unamdai kitu asichokuwa nacho.

Mahakama hiyohiyo iliwahi kuliona jambo hili. Mwaka 2018, katika shauri la Nishan Singh dhidi ya kampuni ya bima ya Oriental, gari dogo liligonga lori lililofunga breki ghafla. Kati yao palikuwa na futi 10 hadi 15. Majaji walisema hiyo haikuwa nafasi salama na lawama ni ya dereva wa gari dogo. Futi 15 kwa kilomita 80 ni moja ya tano ya sekunde. Kope haijamaliza kufunga na kufunguka. Hukumu ile ilikuwa na akili. Sioni kilichobadilika ndani ya miaka saba, maana lami ni ileile na macho ya binadamu ni yaleyale.

Na basi je? Dereva wa basi ni mtu wa kazi, analipwa kwa ajili hiyo, na chombo chake kinaua kirahisi kuliko vyote vilivyokuwepo pale. Amempitia mtu aliyelala barabarani. Eti lawama yake ni ndogo kuliko ya mume aliyeshtuka mkewe akitaka kutapika! Hapo uvumilivu wangu ndipo unapoishia. Ningekuwa mwamuzi, sehemu kubwa ingekaa kwa basi, na kijana angelipwa fedha zilezile kutoka mahali panapostahili.

Sasa tazama barabara zetu. Kati ya Kibaha na Chalinze kuna malori ya kontena yaendayo Zambia na Kongo, mabasi ya mikoani, Noah za abiria na bodaboda, yote yamefuatana bampa kwa bampa. Mbele yao kuna matuta, mbuzi, watoto wa shule, na trafiki anayeibuka kivulini kunyoosha mkono. Kila mmoja wao ni breki ya ghafla. Ukimwambia dereva aache nafasi atakujibu kwamba wenzake watamchomekea. Basi wachomeke! Kila anayeingia anakugharimu sekunde mbili. Wakiingia kumi umechelewa sekunde ishirini kufika Morogoro.

Tochi ya trafiki hupima mwendo. Kifaa cha kufuatilia magari (VTS) ndani ya basi hupima mwendo. Nafasi haina mpimaji, na dereva anayekwenda kilomita 79 huku amening'inia mkiani mwa mwenzake anapita kituo cha ukaguzi akipunga mkono. Ujerumani polisi huweka kamera juu ya madaraja ya barabara kuu kupima umbali kati ya magari, na anayebana mno hunyang'anywa leseni hadi miezi mitatu hata kama hajamgusa mtu. Kule anaadhibiwa kabla ya damu. Delhi sasa inampunguzia mzigo baada ya damu.

Mahakimu wetu, hukumu hiyo ikiletwa mbele yenu, ombeni kwanza mchoro wa ajali. Ulizeni palikuwa na mita ngapi na mwendo ulikuwa upi, ndipo mmuulize aliye mbele kwa nini alisimama. Na kama mchoro wa polisi hauonyeshi mita hizo, urudisheni ukachorwe upya.