Msingi wa Tanuri la Mikate
Tanuri la udongo likipasuka, mwenyewe kwa kawaida hulaumu udongo wa kuba. Huukanda upya, huziba nyufa, na baada ya mvua nyufa hurudi pale pale. Mara nyingi kosa haliko juu, bali liko chini, mahali pasipoonekana. Tanuri la kutosha jamaa moja, pamoja na msingi wake wa mawe, huweza kuzidi tani 2 kwa uzito. Ardhi ikididimia upande mmoja, kuba halina budi kupasuka.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuchagua mahali. Pawe pameinuka, pasituame maji, na pawe mbali na paa la nyasi. Ardhi nyekundu, kama ile ya Kiambu na Nyeri, hunywa maji upesi na hubeba uzito vizuri. Lakini udongo mweusi wa Mwea na wa tambarare za Kano huvimba wakati wa mvua na hupasuka wakati wa kiangazi. Mwenye ardhi ya namna hiyo yampasa auondoe udongo huo mpaka afikie changarawe ngumu, au atafute mahali pengine.

Ndipo achimbe shimo la duara, upana futi 5 na kina futi 1 na nusu, alijaze mawe yaliyovunjwa na kokoto, akishindilia kila inchi 6. Asichanganye udongo, maana mawe hayo ndiyo yapitishayo maji. Na upande wa mteremko achimbe mfereji wa kuyatoa.

Juu yake ajenge ukuta wa duara wa mawe, kimo futi 2 na nusu, ili mpishi asiiname sana. Kila jiwe lilalie kiungo cha mawe mawili ya chini. Ndani ajaze kifusi cha mawe, akibakiza inchi 8 za juu. Magogo, takataka na udongo wa bustani visitumiwe, kwani huoza na kushuka, na tanuri hushuka navyo. Kazi hii iachwe mpaka ipate mvua moja kubwa. Kifusi kikishuka, kiongezwe.

Jambo moja husahauliwa na wengi. Sakafu ikilazwa juu ya mawe matupu, mawe hunyonya joto, na mkate huiva juu ukabaki mbichi chini, huku kuni zikiteketea bure. Dawa yake ni kulaza chupa tupu zisizo na vifuniko, na kati yake kujaza udongo laini uliochanganywa na unga wa mbao kwa wingi. Hewa iliyomo ndani ya chupa hupitisha joto kwa shida.

Kisha utiwe mchanga wa inchi 2, usawazishwe kwa pima maji, na juu yake yapangwe matofali ya kuchoma, yakibanana bila saruji. Hivyo huweza kutanuka kwa moto, na tofali lililochakaa hubadilishwa peke yake. Kibanda cha mabati kisimamishwe kabla ya kuba kuanzwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa tanuri uanziao chini hauzibiki kwa udongo wa juu. Huzuiwa siku ya kwanza, kwa jembe na mawe.