Baisikeli mjini: je, tumkataze mtoto?

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi iko baisikeli iliyoegemezwa ukutani. Baba aliinunua kwa shida, kisha akashikwa na hofu: mtoto atagongwa na kamio. Hofu hiyo si ya bure, wala hatutaicheka. Lakini kila asubuhi mtoto yule yule huomba fedha za basi, na zikikosekana huenda kwa miguu, akafika kengele imekwisha kulia. Basi, wasomaji wapenzi, tuipime hofu yetu, maana twaona kwamba watu huogopa mahali pamoja, na hatari hukaa mahali pengine.

Mji wenyewe wafaa. Hauna milima kama Bukavu. Mwenye kwenda mwendo wa kilometa 15 kwa saa humaliza kilometa 6 kwa dakika 24, wala hangoji basi lijae. Wakati wa kiangazi hutaabishwa na vumbi tu. Masika ni jambo jingine: maji hufunika mashimo, na breki zikilowa hazishiki upesi. Siku ya mvua kubwa heri kusukuma.

Wengi huogopa motokaa ijayo nyuma yao. Sisi twaogopa zaidi njia panda. Mji ulipoanzishwa mwaka 1910, njia za katikati zilipimwa kwa mistari iliyonyooka, nazo zakatana mara kwa mara. Na kila zikatanapo, yuko dereva ageukaye pasipo kumwona mwenye baisikeli. Kamio kubwa ndilo baya kupita yote. Likitaka kugeuka kuume, dereva hamwoni aliye kando ya magurudumu ya nyuma. Mtoto asijipenyeze kamwe kati ya kamio na ukingo wa njia, hata likiwa limesimama. Angoje nyuma.

Tena, magari mengi yatokayo Zambia kwa njia ya Kasumbalesa yana usukani upande wa kuume, kwa kuwa kule hupita kushoto. Huku kwetu, ambako hupita kuume, dereva wa namna hiyo akitaka kulipita gari lililo mbele yake haoni yajayo mpaka amekwisha kutokeza nusu ya gari lake. Mwenye baisikeli ajaye mbele hukutana naye ghafula. Ndiyo sababu twasema: ukiona msururu wa magari unakuja, usiache macho yako yazurure.

Wako wanafunzi wapitao upande wa kushoto, wakisema wapenda kuyaona magari yakija. Hilo ni kosa kubwa. Dereva atokaye njia ya kando huwatazamia upande mwingine. Wengine hujibana sana ukingoni, hata shimo moja huwatupa katikati ya barabara. Yafaa kuacha nafasi ya mkono mmoja toka ukingoni.

Sasa habari ya giza. Watazameni wachukuzi wa makala waingiao mjini kabla ya jua kuchomoza, magunia yamewazidi kimo, wala hawana taa. Hatuwalaumu, gunia ndilo chakula cha watoto wao. Lakini motokaa iendayo kilometa 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva akimwona mtu akiwa mita 20 tu mbele yake, robo tatu ya nafasi imekwisha kabla mguu wake haujakanyaga breki vema. Kioo chekundu nyuma, kile kirudishacho mwanga, ni cha bei ndogo; taa nyeupe mbele, na shati jeupe kwa wale waendao Misa ya alfajiri. Kofia ngumu hazipatikani kila duka, lakini aliye nayo aivae.

Baba, kabla ya kukataza au kuruhusu, chagua Jumapili alasiri moja, njia zikiwa tupu, ukaifuate njia ya shule pamoja na mtoto. Mwone akisimama penye njia panda, akitazama nyuma bila kuyumba, akinyosha mkono kabla ya kugeuka. Asiyeweza bado, angoje mwaka mmoja. Na binti apimwe vivyo hivyo. Wale wasemao baisikeli si ya wasichana hawajatueleza kwa nini miguu yao peke yao ndiyo ichoke.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kukaza breki na kuziba mpira uliotoboka.